Swali Lililobaki Kitini

Kabla sijastaafu, kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine. Nilianza mahakamani, nikamalizia katika bunge la kaunti, nikiwa nimefungiwa kwenye chumba kidogo na vipokea sauti masikioni, naandika neno kwa neno yale waheshimiwa waliyoyasema. Kumbukumbu rasmi. Ni kazi inayomharibu mtu. Mpaka leo siwezi kukaa matangani bila kuwatambua watu kwa vikohozi vyao. Nikisikia mtu anavuta pumzi kabla ya kusema, najua kama anakuja na ukweli au anakuja na hadithi. Mke wangu, ambaye ni Mwembu na hana subira na mambo yangu, husema nilimuoa kwa sababu yeye hakohoi.

Tuna binti mmoja. Wengine wanasema wana watoto wawili, watatu, mmoja wa hivi na mwingine wa vile. Sisi tuna huyu. Ana duka la dawa za mimea na mifugo pale Makutano, na ndiko alikompata kijana wa Kiirua, mkulima wa viazi. Kijana alikuja mara ya kwanza kutafuta dawa ya viazi vilivyoungua na baridi. Akarudi wiki hiyo hiyo. Akarudi tena. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa amenunua dawa nyingi kuliko shamba lake linavyoweza kunywa, na binti yangu akaanza kurudi nyumbani akiimba jikoni. Nilimpenda yule kijana kwa sababu ya zile nyimbo. Nasema mapema ili ijulikane kwamba sikuwa na kinyongo na mtu.

Siku ya kujitambulisha, watu wa kijana waliwasili saa sita mchana, magari mawili. Nilisimama mlangoni na tai yangu ya kanisani. Mlango wa gari la mbele ukafunguka, akashuka baba ya kijana, tukatazamana, na sote wawili tukaangua kicheko. Akanyoosha mikono yake yote miwili.

"Gichiaro yangu!" akasema, mbele ya watu wote.

"Gichiaro!" nikamjibu, nikamkumbatia.

Wageni walicheka bila kujua kwa nini. Shangazi yangu, ambaye alikuwa amebeba sinia la vikombe, alilishusha chini kwenye nyasi pale pale aliposimama.

Kwa wasio wa huku, gichiaro ni undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo. Wa zamani walichanganya damu juu ya nyama wakaila, na tangu siku hiyo watu wa koo hizo mbili ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana. Gichiaro wako akikuomba kitu huwezi kumnyima. Akikuuliza jambo huwezi kumdanganya. Kumuoa binti yake ni sawa na kumuoa dada yako. Hata leo, mtu akiibiwa ng'ombe na akawashuku jamaa zake, hahangaiki na polisi. Anatafuta gichiaro wa ukoo ule, anamleta aulize, na mwizi anaanza kutetemeka kabla swali halijaisha.

Mimi ni mzee wa kanisa. Mambo hayo niliyajua kama mtu anavyojua njia ambayo haipiti siku hizi.

Sasa hicho kicheko. Miaka michache nyuma, wakati wa kuchuma kahawa, pampu yangu ya kunyunyizia dawa iliibwa. Wachumaji walikuwa sita, wote jamaa zangu, wote wakiapa kwa Mungu. Adhuhuri hiyo akaja mtu nisiyemjua, na pikapu, kuniletea samadi niliyoagiza sokoni Nkubu. Alikuwa na uso mzito na kofia ya manyoya. Nikapata wazo. Nikamnong'oneza, akakubali, nikawaita wachumaji wote sita wakasimama mstari. Nikasema, "Mnamwona huyu? Huyu ni gichiaro wa ukoo wetu. Atawauliza mmoja mmoja." Yule mgeni akaanza. Alipofika kwa wa tatu, binamu yangu, mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, binamu alifungua mdomo, akaufunga, akaenda moja kwa moja kwenye migomba akafukua pampu chini ya majani. Baadaye mimi na mgeni tulicheka mpaka chai ikapoa. Sikumuuliza hata jina la ukoo wake. Alishusha samadi, akaenda zake.

Ndiye huyo aliyeshuka garini.

Shangazi alinivuta nyuma ya ghala la mahindi. Ana miaka themanini na kitu na vidole vyake bado vinafinya.

"Ulimwita hivyo mbele ya watu?"

"Ulikuwa utani, shangazi," nikasema, nikamweleza habari ya pampu.

"Si ungemwita askari? Si ungemwita mganga? Kati ya maneno yote ya uwongo ukachagua hilo?"

Akarudi kwa wageni, akamuuliza yule mzee taratibu ni wa ukoo gani. Mzee akataja. Watu walikula, wakaimba, wakaomba, lakini shangazi alikaa kati ya binti yangu na yule kijana tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila sahani iliyotoka upande mmoja kwenda mwingine aliizuia kwa mkono. Wageni walipoondoka akaniambia hakuna mahari wala harusi mpaka nikaulize. Juu ya Nkubu, akasema, kuna mama mzee aliyebeba kichwani vikao vya baraza la zamani, baraza kuu la Wameru wote, katika muhula wa rika lililotawala zamani sana. "Jambo la nyumba yetu na nyumba ile lilifika pale. Mwisho wake siujui. Nenda. Na uende na kiti chako mwenyewe."

"Kiti cha nini?"

"Cha kukalia, kwani cha nini?"

Nilienda Jumanne saa nane mchana, jua likiwaka, na kigoda cha jikoni kwenye buti ya gari. Nilimkuta mama mzee barazani kwake anavunja makadamia kwa jiwe. Alivaa sweta ya shule, labda ya mjukuu. Hakuniuliza mimi ni nani.

"Umechelewa," akasema. "Lakini nyinyi nyumba yenu ilichelewa tangu zamani."

Nilimuuliza, kwa heshima, imekuwaje mwanamke akabeba maneno ya baraza ambalo wanawake hawakuruhusiwa hata kulikaribia. Akasema baba mkwe wake alikuwa amebebeshwa muhula ule na baba yake, na yeye na wake, kurudi nyuma. Mume wake alikuwa na kichwa kinachovuja. Basi mzee, alipoona anakufa na maneno yake, akaanza kuyasema jioni kwa jioni karibu na ukuta ambao mkaza mwana alilala upande wa pili. Hakumwambia asikilize. Hakumwambia asisikilize pia.

"Ninakisema kikao mara moja kwa kila anayekuja," akasema. "Sirudii. Na katikati usinisemeshe, maana sitakuwepo."

Niliweka simu juu ya karai lililopinduliwa nikaiwasha kurekodi. Tabia ya kazi. Alipanga vipande vya kuni sakafuni kwa nusu duara. Nilivihesabu, vilikuwa tisa. Kati ya cha nne na cha tano aliacha nafasi, akanionyesha kwa midomo nikiweke kigoda changu pale. Nikakaa.

Halafu akaanza, na ile sauti haikuwa yake.

Nimesikiliza watu wakisema kwa nusu ya maisha yangu. Najua mtu akiigiza. Mwigizaji hubadilisha sauti, lakini pumzi inabaki ile ile, kwa sababu kifua ni kimoja. Huyu mama alibadilisha pumzi. Wa kwanza alikuwa mtu mnene, alivuta hewa kwa shida kabla ya kila hoja. Wa pili alijibu kabla swali halijaisha, na nilikaribia kucheka, kwa sababu tulikuwa na mheshimiwa wa aina hiyo hiyo bungeni kwetu na nilimchukia. Wa sita alikuwa na jino lililong'oka. Maneno yao yalikuwa Kimeru ambacho nilikifuata kwa kukimbia, maneno ambayo bibi yangu aliyatumia akiwa na hasira tu. Nilijaribu kuhesabu marika kutoka letu kurudi nyuma, muhula baada ya muhula, na hesabu yangu iliishia mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa.

Walikataza kukata miti penye chemchemi, wakabishana mugumo, ule mti mtakatifu, ukianguka wenyewe uhesabiwe umekatwa na nani. Walijadili mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa vitani na maiti haikuonekana, kama ni mjane au si mjane, na wa sita akasema aachwe mvua mbili bila kuulizwa. Kwa kila hoja iliyoisha mama aliweka chini kijiti kimoja. Ulikuwa mwisho wa muhula. Rika lile lilikuwa karibu kukabidhi utawala kwa rika lililofuata, na wajumbe walikuwa na haraka ya kumaliza, kama wanavyokuwa wajumbe wote.

Jambo la mwisho lilikuwa letu. Koo mbili zilikuwa zimeuana miaka mingi kwa sababu ya ardhi ya chumvi ambapo ng'ombe hulamba. Baraza liliamua ziwe damu moja, mauaji yakome. Mjumbe wa ukoo ule alikuwa amekwisha kula nyama yake. Yule mnene akavuta hewa, na mama mzee akageuza uso kunielekea, macho wazi, hayanioni.

"Wewe wa nyumba ile. Hawa ni damu yako ama si damu yako?"

Hakuna aliyejibu. Kisha yule mwepesi wa maneno, wa pili, akasema kwa utani, "Muulizeni huyo binti yake huchota maji mto upi siku hizi." Na wengine wakacheka.

Hapo nikaelewa, na vinyweleo vilinisimama mchana kweupe. Yule babu yangu wa zamani, aliyekalia nafasi ile barazani, alikuwa na binti. Binti alikuwa amempenda mtu wa ng'ambo ya mto, wa ukoo ule mwingine. Akisema ni damu yangu, damu ya watu inakoma kumwagika, na binti yake anampoteza mtu wake siku hiyo hiyo. Akikataa, vita vinaendelea. Basi akakaa kimya. Mimi nami nilikaa, kwenye kigoda cha jikoni. Kuku waliokuwa wakidonoa maganda walikuwa wamesimama. Ulimi wangu ulikuwa mzito na niliogopa, nasema kweli, niliogopa kwamba nikiulegeza utajibu.

Mama akaokota makadamia, akaivunja. "Rika likakabidhi," akasema kwa sauti yake. "Jipya halifungui ya lililotoka. Basi."

"Kwa hiyo halikuamuliwa," nikasema. Moyo wangu ulipanda. "Hakuna gichiaro."

"Lilibaki kitini. Walisema swali litangoja hapo mpaka mtu wa nyumba yenu amwite mtu wa nyumba ile kwa jina hilo, mbele ya mashahidi, bila kulazimishwa. Siku hiyo litakuwa limejibiwa."

Nikawaona wale wachumaji sita, wamesimama mstari.

"Na kama alimwita kwa utani?"

"Kwani baraza lililouliza liliambiwa ni utani?" Akafagia vijiti kwa mkono. "Nenda na kiti chako. Usiniachie hapa."

Niliegesha gari Nkubu, upande wa pili wa barabara, mkabala na soko, watu wakipita na ndizi na makelele yao, nikasikiliza ile rekodi. Katika kumbukumbu yangu kile kimya kilidumu pumzi nne, tano. Kwenye simu kilidumu dakika kumi na moja. Na hakikuwa kimya. Kilikuwa kimya cha baraza, ninachokijua vizuri sana, cha watu wanaongoja mmoja aseme: mtu anasogeza mguu, mtu anakuna shavu, mtu anasafisha koo. Nilifanya nilichokuwa nalipwa kufanya. Nilivitenga vikohozi. Vilikuwa tisa, vya watu tisa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha mama mzee au changu.

Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeamua kudanganya. Sikuona haya. Miaka yote ile waheshimiwa walinijia na tabasamu na soda, wakitaka nifute neno moja tu, na sikumfutia mtu. Sasa zamu ilikuwa yangu. Aliyesikia ni mimi peke yangu, na mama harudii. Ningesema baraza lilikataa, koo hazikuunganishwa, watoto waoane. Nilifanya mazoezi njiani kwa sauti. Ilitoka vizuri, hata pumzi ilikuwa sawa. Nampenda binti yangu kuliko watu wote waliokufa kwa ajili ya chumvi.

Baba ya kijana alikuja kesho yake, peke yake, na gunia la viazi. Alikaa sebuleni, kofia ya manyoya magotini. Mke wangu alileta chai na kubaki amesimama.

"Umesikia nini huko?" akaniuliza.

Nilivuta pumzi. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni, ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikaisikia sauti yangu ikisema, "Lilibaki kitini, na mimi ndiye niliyelijibu. Siku ile ya pampu. Sisi ni ndugu." Nikamweleza yote, mpaka utani kuhusu mto. Sijui mpaka leo kama niliamua kusema. Nilikuwa kama mtu anayesoma alichoandikiwa.

Yeye hakushangaa. "Siku ile kwenye kahawa," akasema, "nilipowauliza wale watu wako, haikuwa sauti yangu. Nilicheka nawe kwa sababu niliogopa. Nikasema moyoni sitapita tena njia hii. Sikujua kijana wangu ananunua dawa kwa nani."

Mke wangu alikasirika. "Nyinyi Wameru!" akasema. "Kwetu Embu mtu akitania, tunacheka, tunaenda nyumbani." Alimpigia simu mchungaji, na mchungaji akasema damu ya Yesu imefuta viapo vyote, angewafungisha ndoa hata Jumamosi hiyo. Na huenda ingekuwa hivyo. Vijana wa leo hawatishwi na wazee. Kijana mwenyewe alikuja mbio kutoka Kiirua, matope ya shamba bado kwenye buti, akasema, "Mimi hiyo stori siijui. Mimi namjua huyu." Nikatamani kumpigia magoti.

Ni binti yangu aliyeomba kusikiliza. Alikaa jikoni, akaweka vidude vya simu masikioni, akasikiliza zile dakika zote kumi na moja akiangalia meza. Tulisimama mlangoni, mama yake na mimi na yule kijana. Alipomaliza alivitoa taratibu.

"Baba, huyu anayepumua karibu kabisa na simu ni nani?"

"Ni mimi. Nilikuwa nimekaa hapo."

"Si wewe. Wewe nimekusikia ukilala tangu nikiwa mtoto." Akasukuma simu mbali kidogo. "Huyu analia."

Hakuna aliyemlazimisha. Siku ya tatu alienda Kiirua mwenyewe, mchana, akamwambia mtu wake mbele ya wazazi wake kwamba hawezi kulala karibu naye usiku huku anasikia mtu mwingine anapumua. Akamwita ndugu. Kijana, nasikia, aliingia shambani akakaa kwenye mitaro ya viazi mpaka mama yake akamfuata.

Pampu iko stoo. Haijawahi kuharibika, na ni pampu duni kabisa, kwa kawaida ningekuwa nimeinunulia spea mara tano. Nimemwambia mke wangu aiuze, na yeye anasema niiuze mwenyewe.

Kila mavuno kijana anatuletea viazi. Hajaoa. Anakaa pale sebuleni, binti yangu anampa chai, wanaongea habari za mvua na bei ya mbolea kama watu waliozaliwa tumbo moja. Na kila anapoondoka anasimama mlangoni na kumuuliza, kama inavyompasa gichiaro, "Una haja yoyote, dada?" Naye anajibu, "Sina." Miaka minne sasa, jibu ni lile lile. Mwaka huu duka lilikosa mbegu safi za viazi, wateja wakawa wanaondoka, na kijana ana ghala zima la mbegu. Hata hivyo alimjibu hana haja.

Gari lilipotoka nikamuuliza kwa nini asimwombe hata mbegu. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda cha jikoni, namenya ndizi.

"Nikianza kuomba, baba, sitaishia kwenye mbegu," akasema. "Na yeye hawezi kuninyima." Alikuwa akisuuza kikombe ambacho yule kijana alikuwa amekinywea, na aliendelea kukisuuza ingawa kilikuwa kimeshatakata. "Wewe unajua nitakachoomba. Nikiombe?"

Alinigeukia, akangoja. Nikafungua mdomo, nikaufunga, na nyuma yangu, ndani ya jikoni ambamo tulikuwa wawili tu, mtu akasafisha koo.